Mwezi ndio kikomo chako: jibu kwa muuza dagaa wa Kirumba

SWALI: "Habari za kazi. Nakaanga dagaa na kuwauza kwenye makopo hapa Kirumba, Mwanza. Natangaza kwa status ya WhatsApp, na nina wateja mpaka Dodoma na Dar es Salaam, nawatumia mzigo kwa basi. Kopo nauza 8,000. Mwaka jana nikaanza ofa ya siku tatu, kopo 6,400, na yalikuwa yanaisha siku ya kwanza. Sasa hivi nikiweka ofa yanatoka machache, nisipoweka hakuna anayenunua, wananiuliza tu 'ofa lini?' Kuna mwenzangu anauza kama mimi, yeye kila siku anaandika 'yamebaki matano tu, wahi'. Naona anauza. Niongeze ofa, nifanye kama yeye, au niachane kabisa na habari za ofa?"

JIBU

Dada yangu, pole na kazi, na asante kwa kuweka bei zako wazi, maana bila namba tungebaki kuzungumza hewani. Jibu langu kwa ufupi: achana na ofa ya bei, usimfuate mwenzako, lakini kikomo, yaani mpaka wa muda au idadi, usikiache. Biashara yako ina kikomo cha kweli ambacho muuza sabuni au muuza simu pale mjini hana, nacho ni mwezi wa angani. Kinakujia bure kila baada ya siku 29 na nusu, na katika barua yako yote hujakitaja hata mara moja. Nina wasiwasi hata wateja wako hujawahi kuwaambia.

Kabla ya kufika huko tupige hesabu, kwa sababu ofa inakuumiza mahali usipopaangalia. Hukunieleza kopo linakugharimu kiasi gani, kwa hiyo tuseme ni 5,500 ukijumlisha dagaa, mafuta, mkaa, viungo, kopo lenyewe, lebo na bodaboda ya kutoka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa. (Kama bodaboda huwa huijumlishi, anza leo.) Ukiuza 8,000 unabaki na 2,500. Ukiuza 6,400 unabaki na 900. Bei umeipunguza kwa asilimia 20, faida yako imekatwa asilimia 64. Makopo 40 ya bei kamili yanakupa faida ya 100,000. Kwa bei ya ofa, ili uipate 100,000 hiyohiyo, inabidi ukaange, ufungashe na usafirishe makopo 112. Weka gharama zako halisi badala ya hizi zangu uone mwenyewe. Majibu yatabadilika kidogo, lakini utashangaa ni kazi kiasi gani umekuwa ukiifanya kwa ajili ya mteja tu.

Halafu kuna huyo mteja mwenyewe. Anayekuuliza "ofa lini?" anafuata kile ulichomfundisha. Kwa mwaka mzima umemwonyesha kwamba bei ya kopo ni 6,400, na kwamba 8,000 wanalipa wale walioshindwa kusubiri. Makampuni makubwa yameumia kwa jambo hilihili. JCPenney, kampuni ya maduka ya Marekani, ilikuwa imewazoesha wateja wake kuponi na mapunguzo yasiyokatika. Mwaka 2012 mkuu wake mpya, Ron Johnson, aliyetokea Apple, akayafuta karibu yote na kuweka bei nafuu za kila siku. Ukiisoma karatasini, hiyo ilikuwa bei ya haki zaidi. Mauzo yakashuka kwa takriban robo ndani ya mwaka mmoja, na Aprili 2013 akaondolewa. Wateja walikuwa wameshazoea kungoja, na alipowaondolea cha kungoja hawakuona sababu ya kwenda. Ndiyo maana sikuambii ufute ofa kesho asubuhi kisha ukae kimya. Lazima uwape kitu kingine cha kungoja.

Sasa mwenzako wa "yamebaki matano". Anauza, sikatai. Anawauzia wanaokutana naye kwa mara ya kwanza. Lakini mteja aliyeona matano Jumatatu, matano Jumatano na matano Ijumaa anajua kuhesabu, na siku makopo yatakapobaki matano kweli hakuna atakayemwamini. Hapa kwetu jambo hili ni zito zaidi kuliko linavyoandikwa kwenye mafunzo ya masoko ya nchi tajiri. Wazazi wetu walipanga foleni za sukari na sabuni mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1983 serikali ikaendesha msako wa wahujumu uchumi, wakiwemo waliokuwa wakificha bidhaa. Mpaka leo sukari ikiadimika dukani, neno la kwanza mdomoni mwa watu ni mlanguzi. Kwa mnunuzi wa Tanzania, mtu anayetengeneza uhaba wa uongo yuko kundi moja na yule aliyefungia magunia stoo. Usiingie kwenye kundi hilo kwa sababu ya makopo matano. Isitoshe, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha na kumhadaa mlaji, na haikuwasamehe wanaouzia kwenye simu.

Uongo wa aina ya "huu ndio mwisho" umewahi kuvuruga hata soko lililokuwa moto. Kampuni ya Ty ya Marekani ilikuwa ikitengeneza vidoli vya Beanie Babies, na watu walivinunua kwa wingi wakitegemea kuja kuviuza kwa bei kubwa, kwa sababu kampuni ilikuwa na desturi ya kusitisha aina moja baada ya nyingine. Mwaka 1999 ikatangaza kwamba vyote vinakoma mwisho wa mwaka. Mwaka ulipofika ukingoni ikawaita watu wapige kura kama viendelee, na vikaendelea. Ile homa ya kuvikusanya haikurudi, na waliojaza vidoli majumbani wakabaki navyo.

Lakini kwa nini kikomo kinavuta watu, hata kikiwa cha kweli? Kuna jaribio la mwaka 1975 ambalo kila muuzaji angefaa kulijua. Mwanasaikolojia Stephen Worchel na wenzake waliwapa watu biskuti waonje na kuzitolea maoni. Wengine walipewa kutoka kwenye mtungi wenye biskuti kumi, wengine mtungi wenye mbili, na biskuti zilikuwa zilezile. Zile za mtungi wenye mbili zilionekana za kutamanika zaidi na za thamani zaidi. Waliozitamani kuliko wote ni wale walioanza na kumi, kisha zikapunguzwa mbele yao zikabaki mbili, na kati yao hasa walioambiwa kwamba zimepungua kwa sababu watu wengine wamezihitaji. Sehemu ninayoipenda zaidi ni hii: pamoja na hamu yote hiyo, hawakusema kwamba biskuti adimu zilikuwa tamu zaidi. Yaani uhaba unamleta mtu mara ya kwanza. Mara ya pili inategemea chumvi yako, limau yako, na kama dagaa walikuwa na mchanga.

Tuje kwenye mwezi. Wewe unayajua haya, ila nayaandika ili uone yanavyosikika kwa mtu wa Dodoma. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za sola. Samaki wanaufuata mwanga, wanakusanyika, wanazungushiwa wavu. Mbalamwezi ikiwa kali, mwanga wa taa unamezwa na mwanga wa mwezi, dagaa wanatawanyika, na mitumbwi mingi inabaki ufukweni watu wakitengeneza nyavu. Giza likirudi, ziwa linarudi kazini na bei ya mwaloni inashuka. Mteja wako hajui hata nusu ya hadithi hii. Anaona kopo, anaona bei, anaona "siku tatu tu", na hajui kwa nini ziwe tatu zisiwe nne. Ofa yako haikuwa na sababu. Kikomo kisicho na sababu mteja anakiona kama ujanja, hata pale ambapo si ujanja.

Kwa hiyo napendekeza ugawe biashara yako mara mbili.

Bidhaa ya kwanza ni ya kila siku. Ni dagaa wakavu, wa chanja, ambao unawanunua wakati wa giza bei ikiwa chini na kuwahifadhi vizuri, kisha unawakaanga kadiri oda zinavyokuja. Hii ibaki 8,000, iwepo muda wote, na isiguswe na punguzo la aina yoyote. Hii ndiyo inayolipa kodi ya chumba. Ukiona makampuni makubwa yanacheza na bidhaa za msimu, angalia vizuri utakuta nyuma yake kuna bidhaa ya kudumu iliyotulia. McDonald's nchini Marekani waliileta McRib, sandwichi ya nyama ya nguruwe, mwaka 1981, wakaiondoa, wakairudisha, na kwa miaka mingi sasa inakuja na kuondoka. Hambaga zao za kawaida hazijawahi kwenda likizo.

Bidhaa ya pili uiite Dagaa wa Giza, au jina utakalolipenda, mradi lihusu giza. Hawa unawanunua wabichi alfajiri mitumbwi inapotua, unawasafisha na kuwakaanga siku hiyohiyo. Wakati wa mbalamwezi hawapo, basi. Bei iwe juu ya ile ya kawaida, tuseme 9,500. Najua utaogopa, kwa sababu umekuwa ukishusha bei mwaka mzima, na mimi nakuambia upandishe. Lakini angalia: ndio wakati ambao dagaa mwaloni wana bei ya chini kabisa, bidhaa ni bora kweli, na mteja ana sababu ya kuitaka leo badala ya wiki ijayo. Mambo hayo matatu ni nadra kukutana mahali pamoja. Hata Starbucks, kampuni ya migahawa ya kahawa ya Marekani, wanauza kinywaji chao cha viungo vya boga kila majira ya kupukutika majani tangu mwaka 2003. Watu wanakingoja kwa sababu kinakuja na majira yake.

Tangazo lake liwe jepesi. Mfano:

"Giza limeanza, mitumbwi inatua alfajiri. Kesho nakaanga makopo 60 ya Dagaa wa Giza, 9,500. Oda nafunga leo saa mbili usiku ili nijue ninunue ndoo ngapi. Mtu mmoja makopo matatu. Nitakaanga tena Alhamisi na Jumamosi, baada ya hapo mpaka giza lijalo."

Humo kuna vikomo vinne, na kila kimoja mtu akikuuliza sababu unayo. Oda zinafungwa saa mbili kwa sababu lazima ujue cha kununua. Makopo ni 60 kwa sababu ndiyo uwezo wa makarai yako na mikono yako. Matatu kwa mtu kwa sababu vinginevyo atatokea mmoja achukue 30 akauze kwa bei yake, na wateja wako wa siku zote wakose. Siku ni tatu kwa sababu ya mwezi. Usiongeze hata kikomo kimoja cha kupamba.

Ukisema 60, kaanga 60. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Itafika saa mbili usiku una oda 85, na moyo utakuambia "si niongeze tu 25, pesa hiyo". Ukiongeza, yule aliyekimbia kuweka oda saa nne asubuhi atajua kwamba alikimbizwa bure. Waandike hao 25 kwenye daftari, waambie wao ndio wa kwanza Alhamisi, na Alhamisi waanze wao kabla hujaweka status. Mtu aliyekosa leo akapewa nafasi ya kwanza keshokutwa hupati shida tena kumshawishi. Vilevile kinyume chake: kama oda ni 35, kaanga 35. Usiandike kwamba yameisha wakati makopo 25 yako kabatini.

Yakiisha, tangaza kwamba yameisha. Watu wa biashara wanaona aibu kutangaza wasichonacho, wakati ule mtungi wa biskuti umetuonyesha kwamba kuona kitu kimepungua kwa sababu wengine wamekichukua ndiyo hali inayovuta kuliko zote. Piga picha makopo yakiwa yamepangwa tayari kwenda stendi ya Nyegezi, andika "60 zimeondoka, asanteni", na utaje tarehe ya kukaanga inayofuata. Status inafutika yenyewe baada ya saa 24, kwa hiyo hiyo picha pia iweke mahali inapodumu, ili mgeni akija aone historia ya ahadi zilizotimizwa.

Kwenye lebo andika tarehe ya kukaanga. Inamsaidia mteja kujua usalama wa chakula chake, na inathibitisha kwamba hukudanganya kuhusu giza. Mtu yeyote anaweza kutazama angani.

Wateja wako wa zamani, waliokupa pesa tangu mwanzo, wape heshima kwa njia isiyokula faida: wao wapate habari kabla ya wengine. Watumie ujumbe moja kwa moja saa chache kabla ya status. Kwa uzoefu wangu kupewa taarifa mapema kunamfurahisha mteja mwaminifu kuliko kupunguziwa 1,600, kwa sababu punguzo analipata hata yule aliyekuja jana.

Kalenda yako ina vikomo vingine viwili vya kweli, nitavitaja haraka. Cha kwanza ni shule za bweni: muhula unaanza Januari na mwingine Julai, na mzazi anayemfungia mtoto sanduku ana siku ambayo haisogezwi na mtu. Kwa shule zinazoruhusu chakula cha kutoka nyumbani, tangaza wiki tatu kabla, na useme siku ya mwisho ya kupokea oda ili mzigo umfikie kabla mtoto hajapanda basi. Cha pili ni mvua. Masika ya Machi hadi Mei inaharibu ukaushaji. Dagaa wakilowa wanabadilika rangi na harufu, na mwisho wao ni chakula cha kuku. Jaza stoo yako ya wakavu kabla ya Machi. Na kama kuna wiki umekosa dagaa wazuri, sema "wiki hii sikaangi, waliopo mwaloni sijawapenda". Sijui tangazo lisilo na gharama linalojenga jina kuliko hilo.

Kuna hatari moja ambayo sitaki uipuuze. Kikomo cha kweli kinaweza kukupotezea mteja. Mtu wa Dar es Salaam akikosa mara mbili mfululizo atatafuta muuzaji mwingine, na wapo. Ndiyo maana bidhaa ya kila siku haitakiwi kukosekana hata siku moja. Aliyekosa Dagaa wa Giza umpe la kushika mkononi. Na ukipokea pesa ya oda kwa simu halafu ziwa likakunyima, rudisha pesa siku hiyohiyo pamoja na ada ya kutuma, bila kusubiri akuulize. Usiiweke "kwa ajili ya giza lijalo" isipokuwa yeye mwenyewe ameomba.

Wa "ofa lini?" uwajibu wote jibu moja, kwa upole: "Ofa za bei nimeacha, bei ni 8,000 siku zote ili usilipe zaidi ya mwenzako. Giza linaanza tarehe fulani, nikuandike kwenye oda ya kwanza?" Baadhi watanuna na kuondoka, na mauzo ya mwezi wa kwanza na wa pili pengine yatashuka. Jiandae kwa hilo: anza mabadiliko haya giza linapoingia na si mbalamwezi inapowaka, uwe na akiba ya mafuta na makopo ya mizunguko miwili bila kukopa, na katika muda huo usirudishe 6,400 hata kwa siku moja, kwa sababu ukiirudisha mara moja tu utakuwa umewaambia wote waliokuamini kwamba walikosea kutokungoja. Kwenye daftari andika kila mzunguko: makopo uliyotangaza, oda ulizopata, saa yalipoisha, na wangapi kati ya walionunua walikuwa wamewahi kununua kabla. Hiyo namba ya mwisho ndiyo uitazame kuliko zote. Ikipanda kwa mizunguko mitatu, ongeza makarai ufikishe makopo 80. Isipopanda, bei na tangazo viache kwanza, urudi jikoni uonje upya.